Aspirini bila statini? Acheni mzaha

Ule ujumbe wa sauti umenifikia tena. Yule bwana wa sauti nzito anawaambia watu waliowahi kupata mshtuko wa moyo wabaki na aspirini, statini (dawa ya kushusha kolesteroli) waitupe, maana aspirini "inasafisha mishipa" na hiyo nyingine ni biashara ya makampuni. Kisha anatangaza unga wake wa mitishamba. Huo, bila shaka, hauuzwi kwa faida.

Aspirini haisafishi chochote, jamani. Inazuia chembe sahani, zile chembe za damu zinazoigandisha, zisishikane, na chembe iliyokwisha kuguswa hubaki hivyo mpaka ife, siku 7 hadi 10 hivi. Mafuta yaliyojikusanya kwenye ukuta wa mshipa haina habari nayo. Hayo ni ya statini: inalibana ini lisitengeneze kolesteroli nyingi, nalo ini likipungukiwa linaivuta ile iliyomo kwenye damu. Taratibu yale mafuta ukutani hutulia. Yasipotulia, siku moja huweza kupasuka kama jipu, chembe sahani hukimbilia hapo, damu inaganda, mshipa unaziba. Statini inahangaika na jipu, aspirini na kile kinachofuata likipasuka. Sasa mgonjwa achague lipi?

Najua kwa nini statini ndiyo hutupwa kwanza. Humezi ukasikia nafuu. Kipimo kikirudi kizuri, mtu anajitangazia kupona. Halafu kuna maumivu ya misuli. Yapo kweli kwa baadhi ya watu, sikatai. Lakini mwaka 2020 watafiti wa Uingereza walitoa matokeo ya watu walioacha statini kwa sababu ya madhara, wakapewa kwa zamu statini, kidonge bandia, na miezi mingine bila kidonge. Takribani asilimia 90 ya adha iliyoletwa na statini ililetwa pia na kidonge kisicho na dawa ndani yake!

Kinachonikera zaidi ni hiki. Malaria ina dawa mseto. Kifua kikuu kina dawa nne ndani ya kidonge kimoja. VVU, kidonge kimoja kwa siku, na hakuna anayeshangaa. Ila mgonjwa wa moyo, mara nyingi mtu mzima ambaye macho yameshaanza kumchezea, anakabidhiwa mfuko wa vipakiti, hiki asubuhi, hiki usiku, kisha akisahau anafokewa. Watafiti wa Uingereza, Wald na Law, walipendekeza kidonge mseto cha moyo tangu 2003, wakidai kingepunguza magonjwa ya moyo na kiharusi kwa zaidi ya asilimia 80. Hapo walipitiliza. Lakini mwaka 2022 utafiti wa SECURE uliwafuatilia wazee karibu 2,500 wa Ulaya waliotoka kupata mshtuko ndani ya miezi 6, nusu yao wakimeza aspirini, ramiprili (dawa ya shinikizo la damu) na atovastatini (aina ya statini) kwenye kidonge kimoja. Katika matibabu ya kawaida, asilimia 12.7 walikufa kwa moyo, au walipata mshtuko mwingine, kiharusi, au walizibuliwa mishipa kwa dharura. Kwenye kidonge kimoja, 9.5. Dawa zenyewe si ngeni hata moja! Ila waliopewa kidonge kimoja walizimeza kwa uaminifu zaidi. WHO imekiweka kwenye orodha ya dawa muhimu tangu 2023. Orodha haimezwi.

Haya, nikubali: vifo vya jumla havikutofautiana, na dozi za kidonge kimoja ni ngumu kurekebisha. Na wewe ambaye hujawahi kuugua moyo, usidokoe aspirini ya baba. Utafiti wa ASPREE wa 2018, wenye wazee zaidi ya 19,000 wasio na ugonjwa wa moyo, uliona damu ikivuja zaidi bila moyo kulindwa.

Aliyewekewa stenti, kile kijibomba cha kuuweka mshipa wazi, naye asiache aspirini wala klopidogreli (nayo huzuia chembe sahani) kwa uamuzi wake, hata kama anakwenda kung'oa jino. Aulize kwanza. Na akiwa hapo kliniki aulize pia kama dawa zake zinapatikana kwenye kidonge kimoja. Akijibiwa hapana, aulize zipi anaweza kuzimeza kwa mkupuo, maana atovastatini hailazimiki kusubiri usiku.