Vipimajoto vya mlimani visidharauliwe

Wapo wataalamu wanaoshikilia kwamba utulivu wa anga la chini, yaani kama hewa iliyosukumwa juu itarudi au itaendelea kupaa, haupimwi kwa vituo vya ardhini, unataka puto lenye vipimo linalopaa angani. Kipimajoto cha Kericho, mji wa mlimani, wanasema, hakisomi hewa iliyo huru juu ya Kisumu. Kinasoma hewa inayosugua mteremko, ambayo ardhi huipasha mchana na kuipoza usiku. Ni hoja yenye uzito. Lakini puto la Dagoretti, Nairobi, hupaa ng'ambo ya Bonde la Ufa, na saa za kimataifa za kupima ni saa tisa usiku na saa tisa mchana kwetu. Mwenye chai Kericho asubiri hilo ndipo ajue jioni kutanyesha mawe?

Tazama tulichonacho. Kisumu iko kama mita 1,150 juu ya bahari, kituo cha Kericho karibu 2,180: kilomita moja kwenda juu, ngazi tuliyopewa bure. Hewa kavu ikipanda hupoa nyuzi 9.8 kwa kilomita. Ikishaanza kufanya wingu hupoa pungufu, kwetu mara nyingi kati ya 4 na 6. Tuseme Kisumu ni nyuzi 29 na Kericho 21. Tofauti ni 8, katikati ya mipaka hiyo miwili. Hewa hiyo ikiwa kavu imetulia. Ikipanda hadi kufanya wingu, inaendelea kupaa yenyewe. Ndiyo maana unyevu husomwa pamoja na joto, na vituo hivyo hivyo huupima.

Usiku ndipo vinapong'aa. Hewa baridi ni nzito; kukiwa hakuna wingu wala upepo, huteremka kama maji ikatuama bondeni. Januari 2012 jalidi iliunguza chai Kericho na Nandi. Baada ya usiku wa namna hiyo utakuta majani ya bondeni yamegeuka kahawia kana kwamba moto umepita, na ya juu kidogo mtelemkoni bado mabichi. Puto la mbali halioni hayo. Vipimajoto viwili, kimoja bondeni na kingine mgongoni mwa kilima, vingeyaona mapema usiku: cha chini kikisoma baridi kuliko cha juu, hewa imejifunga, haipandi.

Mchana ni shughuli nyingine. Alasiri upepo wa ziwa huingia Kisumu ukaupoza mji, tofauti na Kericho ikapungua, na hesabu ikatuambia hewa imetulia. Kumbe wakati huo huo upepo ule unakutana na wa mashariki juu ya nyanda za Nandi na Kericho, na mawingu yanavimba. Hapo wakosoaji wana haki. Ila kosa lenyewe lina sababu inayojulikana, na kosa la aina hiyo hurekebishika: kipimajoto kiwekwe Muhoroni, mbali kidogo na ziwa, na maputo yarushwe Kericho kwenyewe wiki chache za masika, yalinganishwe na vituo saa kwa saa.