Kikosi kinapoondoka kabla mwenzake hajafika

Novemba 2013 nilikuwa miongoni mwa walioshangilia. Milima ya Chanzu na Runyonyi, karibu na mpaka wa Uganda na Rwanda, mashariki mwa Kongo, ilikuwa imetoka mikononi mwa waasi wa M23, na tarehe 5 waasi hao wakatangaza kwamba wanaacha vita. Vijana wa Tanzania, Afrika Kusini na Malawi waliokuwa kwenye brigedi maalumu ya Umoja wa Mataifa walikuwa wamepigana bega kwa bega na jeshi la Kongo, FARDC. Kwa mara ya kwanza baada ya miaka mingi, watu wa Goma walilitaja jeshi lao kwa fahari. Kanali Mamadou Ndala wa FARDC walimwita shujaa. Haikupita miezi miwili, Januari 2, 2014, akauawa kwa kuviziwa karibu na mji wa Beni, na mahakama ya kijeshi baadaye ikamtia hatiani ofisa wa jeshi hilohilo.

Kifo kile kilinifanya nianze kufuatilia jambo ambalo magazeti huliandikia aya mbili tu: vita vikipoa, makao makuu hulipangaje upya jeshi la eneo lile? Nani anaondolewa, nani analetwa, na usiku ule wa katikati, mmoja ameondoka na mwingine hajafika, nani yuko kijijini? Nimesoma mengi tangu hapo na msimamo wangu umekomaa. Kupanga upya kamandi ni operesheni ya kivita kama nyingine yoyote, na huko Kivu, mikoa ya mashariki inayopakana na Rwanda, imefanywa mara nyingi kana kwamba ni uhamisho wa makarani.

Chukua mwaka 2011. FARDC iliamua kuvunja brigedi zake za Kivu na kuunda rejimenti. Nia haikuwa mbaya. Brigedi zile zilikuwa viraka vitupu: hapa waasi walioingizwa jeshini juzi, pale wanamgambo wa mkataba wa mwaka mwingine, pembeni askari wa tangu enzi za Mobutu, na kila kundi linamsikiliza mkubwa wake wa zamani. Kuwahesabu, kuwachanganya, kuwafundisha upya, hata mimi ningeweka saini. Ila ili rejimenti iundwe, askari walipaswa kuondoka walipokuwa na kwenda kukusanyika kwenye vituo. Wakaondoka.

Shabunda, Kivu Kusini, ni msitu. Vijiji vingine huvifikii ila kwa miguu, na mvua ikinyesha hata pikipiki haipiti. Kikosi kikiondoka mahali kama pale, kinaondoka alfajiri na mizigo kichwani, kimeacha vibanda vya majani, mafiga yenye majivu bado ya moto, na ule mti wa kizuizi umelazwa pembeni mwa njia. Askari hao hawakuwa malaika. Pale kizuizini walitoza watu, walichukua kuku, na wanawake wa kijiji walikuwa na sababu za kuwaogopa. Lakini FDLR, waasi wa Kihutu kutoka Rwanda waliokuwa msituni, walijua wapo. Kesho yake wakajua hawapo.

Vijiji vikashambuliwa, na vijana wa Shabunda wakashika mapanga na dawa za kienyeji. Kundi la Raia Mutomboki, lililoanza mwaka 2005 kisha likatulia, likafufuka. Jina lenyewe ni la Kiswahili cha huko, maana yake raia waliopandwa na hasira. Ndani ya mwaka mmoja lilikuwa limevuka hadi Kalehe, Walikale na Masisi, na hasira ile haikuishia kwa FDLR. Iliwafikia wanavijiji wa Kihutu ambao hawakuwa na bunduki wala hatia, nao Nyatura, wanamgambo wa Kihutu, wakalipiza kwa wengine. Umoja wa Mataifa uliripoti kwamba zaidi ya raia 200 waliuawa Masisi kati ya Aprili na Septemba 2012. Kila nikisoma taarifa ile narudi kwenye kile kizuizi kilichoachwa wazi. Chuki ilikuwepo zamani, hilo silikatai, lakini nafasi ya kuitenda ilifunguliwa na ratiba ya uhamisho isiyo na zamu.

Na wakati huohuo, waliopaswa kuhamishwa kweli hawakuhama. Waasi wa zamani wa CNDP walikuwa wameingia jeshini mwaka 2009 kwa mkataba wa Machi 23, ndiyo asili ya jina M23, na tangu mwanzo waligoma kupelekwa nje ya Kivu. Walikuwa na hoja ya usalama wa familia zao, na hoja ile ina uzito wake. Walikuwa pia na ng'ombe Masisi, ushuru wa barabarani na migodi. Bosco Ntaganda, aliyekuwa tayari anatafutwa na Mahakama ya Kimataifa ya Jinai, akawa mtu wa nguvu kwenye operesheni za Kivu, na rejimenti zilipoundwa watu wake walipata nafasi nono. Serikali ilipojaribu kuwatawanya mwaka 2012, walikuwa wamekwisha kujichimbia. Uasi wa M23 ukaanza Aprili, na Novemba 20 mwaka huohuo Goma ikaanguka.

Kwa hiyo kikosi kisicho na mizizi kiling'olewa kwa amri moja, na chenye mizizi kikabembelezwa. Ingepaswa kuwa kinyume chake.

Kuna upande mwingine ambao kwangu ndio kiini, nao ni mshahara. Zamani fedha za askari zilitoka Kinshasa taslimu, zikashuka ngazi kwa ngazi kupitia mikono ya makamanda: mkoa wa kijeshi, brigedi, batalioni, kampuni. Kila mkono ulibaki na chake. Askari wa mwisho kwenye mstari aliweka dole gumba kwenye karatasi na kupewa kilichobaki, kama kilibaki. Kamanda aliyekuwa na majina mengi kwenye orodha kuliko watu uwanjani alikuwa tajiri, na asingependa hata siku moja kikosi chake kihesabiwe. Ujumbe wa Umoja wa Ulaya ulioitwa EUSEC, ulioanza kazi mwaka 2005, ulisaidia kutenganisha njia ya amri na njia ya fedha: anayekuamuru asiwe anayekulipa. Askari wakahesabiwa, wakachukuliwa alama za vidole, wakapewa vitambulisho. Hakuna aliyepigiwa ngoma kwa kazi ile, wala haina picha nzuri ya gazetini, lakini naiona ina faida kuliko kubadilisha majenerali kumi. Askari anayelipwa na mhasibu anaweza kuhamishwa kwa barua. Anayelipwa na kamanda wake humfuata kamanda huyo hadi msituni.

Baada ya M23 kushindwa ukaja mpango wa Septemba 2014. Rais Joseph Kabila aliigawa nchi katika kanda tatu za ulinzi, na ya tatu, yenye makao yake Kisangani, ikabeba mashariki. Mikoa ya kijeshi ikapewa namba mpya. Ile ya 8 ya Goma na ya 10 ya Bukavu zikaondoka, zikaja ya 34 na ya 33. Kuna jambo nalipenda hapo. Maofisa waliokaa Kivu miaka na miaka walihamishwa, na mkuu wa kanda alikuwa mbali na soko la dhahabu na mbao ambalo lingemvuta. Lakini Kisangani iko mamia ya kilomita kutoka Beni, na chini ya kanda kulikuwa na mkoa wa kijeshi, na kando yake sekta za operesheni, Sokola 1 na Sokola 2, zenye makamanda wao. Hebu jiweke mahali pa meja mwenye batalioni pembezoni mwa Beni: risasi zinaombwa kwa nani, na anayekataa kuzitoa anawajibika kwa nani?

Oktoba 2014, mwezi mmoja baada ya mpangilio ule, mauaji ya raia yakaanza kuzunguka Beni. Sisemi mpangilio ndio ulioua. Waasi wa ADF, wenye asili ya Uganda, walikuwepo kabla, na Jenerali Lucien Bahuma, kamanda wa jeshi aliyeijua Kivu Kaskazini vizuri, alikuwa amefariki mwishoni mwa Agosti. Nasema tu kwamba watu wa Beni walihitaji wakati ule kuliko wakati wowote kamandi inayojua nani ni nani.

Kulikuwa pia na waliosalimisha silaha. Wapiganaji walipelekwa kambi ya Kotakoli, katika mkoa wa Équateur wa wakati ule, mbali kabisa na kwao, pamoja na wake na watoto. Zaidi ya mia moja, wake na watoto wakiwemo, walikufa huko kwa njaa na maradhi, kwa mujibu wa Human Rights Watch. Walikuwa wameitii serikali. Habari kama ile husafiri msituni haraka kuliko redio, na nani baada yake angeshawishika kuweka bunduki chini?

Sasa kuna karatasi nyingine mezani. Kongo na Rwanda zilisaini makubaliano Washington Juni 27, 2025, na Julai 19 serikali na waasi wa M23, waliokuwa wamerudi vitani, wakatia saini tamko la kanuni mjini Doha, huku Goma na Bukavu zikiwa mikononi mwa waasi hao tangu mwanzoni mwa mwaka ule. Siku moja mtu ataketi tena na ramani ya Kivu na kalamu nyekundu. Sina haja ya kujua kwanza jenerali gani atapewa kanda gani. Ningependa kuona ratiba: kikosi kipi kinatoka Shabunda, kipi kinaingia, na ni siku gani hao wawili watakaa pamoja kijijini, yule anayeondoka akimwonyesha mgeni wake njia za msituni, kisima, na nyumba ya chifu.