Msimbazi: zege, mimea na hesabu ya mchanga

Kila masika mto Msimbazi unapofurika jijini Dar es Salaam na Barabara ya Morogoro kufungwa pale Jangwani, mjadala hurudi palepale: jengeni mfereji mkubwa wa zege, maji yaende baharini, yaishe. Mradi wa Bonde la Msimbazi, uliopata dola milioni 200 za Benki ya Dunia mwaka 2022, umechagua njia nyingine. Mto upanuliwe, kingo zipandwe mimea, daraja la Jangwani liinuliwe na kurefushwa, na sehemu ya bonde la chini iwe bustani ya jiji inayoruhusiwa kufurika. Wengi wanauona kama urembo wa kuigwa kutoka nchi tajiri, na hapo wanaukosea.

Hoja ya zege ina uzito wake. Ukuta laini hupitisha maji kwa kasi, mfereji hula ardhi kidogo, na ardhi iliyo jirani na Kariakoo ni ghali. Mto mpana maana yake ni kuhamisha watu. Baada ya mafuriko ya Desemba 2011, waathirika walipelekwa Mabwepande, mbali na vibarua vyao, na baadhi wakarudi bondeni. Anayetetea mto mpana bila kutaja fidia na usafiri wa waliohamishwa ametetea nusu ya jambo.

Tatizo ni kwamba kasi ya zege inategemea mteremko, na Jangwani mteremko umekwisha. Mto unashuka kutoka vilima vya Pugu na Kisarawe ukiwa umebeba mchanga, ukifika bondeni unatulia, na wakati wa bamvua, bahari inapojaa kupita kawaida, inayazuia maji yasitoke. Maji yakipoteza kasi, mchanga unatua, hata ukuta ukiwa laini namna gani.

Chukua mkondo wenye upana wa mita 50 na urefu wa kilomita 1. Mchanga ukipanda kwa mita 1 tu, hizo ni meta za ujazo 50,000. Kwa lori la meta za ujazo 10, ni safari 5,000. Zikipigwa safari 50 kwa siku, kazi inachukua siku 100, na kati ya vuli na masika hakuna siku 100 za ukavu wa uhakika. Mfereji wenye kuta za wima ukijaa hivyo hauna pa kuyapeleka maji isipokuwa mitaani. Mto wa ngazi mbili, wenye mkondo mwembamba wa kiangazi katikati na matuta mapana pembeni, hubakiwa na nafasi ya kupumua, na ekskaveta hushuka kwenye matuta kuchimba bila kuvunja kitu.

Singapore imewahi kuubomoa mfereji wa namna hiyo. Katika bustani ya Bishan, kilomita 2.7 za zege za mto Kallang ziligeuzwa kuwa kilomita 3.2 za mto unaopinda, kazi iliyokamilika mwaka 2012. Mto ulikuwa na upana wa mita 17 hadi 24. Sasa ukijaa unatanuka hadi karibu mita 100. Kabla ya kuanza, wahandisi walijaribu mbinu za kushikilia kingo kwa mimea, mawe na vitambaa maalumu katika kipande cha mita 60. Vihisi vya kina cha maji viliunganishwa na ving'ora na taa ili watu waondoke bustanini maji yakipanda. Kallang haubebi mchanga kama Msimbazi, kwa hiyo kunakili mchoro wake hakutatosha. Cha kunakili ni ule mtindo wa kujaribu kwanza.

Kwa Msimbazi, jaribio la kwanza liwe mtego wa mchanga: bwawa pana upande wa juu wa mto, kabla ya kufika Jangwani, ambamo maji yanapunguza kasi mahali tulipopachagua sisi, lenye barabara ya malori inayofika hadi chini. Mchanga wa ujenzi una wanunuzi Dar es Salaam, hivyo sehemu ya gharama inaweza kurudi. Droni ipige picha za bonde kabla ya masika na baada yake. Tofauti ya ramani mbili ndiyo ujazo ulioingia. Ujuzi huo upo nyumbani: kuanzia 2015 wanafunzi na wakazi walichora ramani za kata zinazofurika kupitia mradi wa Ramani Huria.

Kipimo cha maji kinachowekwa sakafuni mwa mto kitafukiwa msimu wa kwanza. Kifaa cha rada kinachofungwa chini ya daraja na kutazama maji kutoka juu hudumu zaidi, na kando yake uchorwe mti wa kupimia kwa rangi, maana betri na paneli za jua huibiwa. Nyasi za vetiva na matete vipandwe mapema vishike mizizi kabla ya mvua kubwa; vikipandwa katikati ya masika vitaondoka na udongo. Chupa za plastiki zizuiwe kwenye mitaro midogo ya mitaani, kwa sababu zikifika matutani zinalala juu ya miche na kuiua.

Mimea nayo ina kikomo. Zhengzhou, China, iliwekeza katika kulifanya jiji lifyonze mvua, lakini Julai 2021 ilinyeshewa milimita 201.9 kwa saa moja na ikazama. Ndiyo maana daraja la Jangwani lililoinuliwa na ving'ora vinahitajika hata bustani ikistawi.

Kinachotia shaka zaidi ni bajeti. Mkopo wa Benki ya Dunia unajenga; hauchimbi mchanga wa mwaka wa kumi. Zabuni ya uchimbaji ya kila mwaka, yenye ujazo uliopimwa na tarehe ya kumaliza kabla ya Machi, inapaswa kuwa na fungu lake tangu sasa, na jina la taasisi moja inayowajibika liwepo kwenye mkataba.