Mama Mkwe, Kapu la Machungwa na Sensa Nne

Mwenye gari alifika gereji kwangu na jibu tayari: gari lake, saluni ya Toyota ya miaka ya 90, automatiki, halimtaki mama mkwe. Akiendesha peke yake, halina neno. Akimpakia mkewe, halina neno. Ila mama mkwe akishuka basi la Muheza pale stendi ya Mbezi, akakaa kiti cha mbele na kapu lake la machungwa, hawafiki Kimara kabla silensa (mzunguko wa injini bila kukanyaga mafuta) haijaanza kupanda na kushuka, gari linashtuka, moshi mweusi nyuma, na gia imegoma kupanda. Ndugu wa mume walishaanza kumtazama mama kwa jicho la pembeni. Ndugu wa mke wakasema gari lina roho mbaya kama mwenyewe.

Fundi aliyetangulia, nimpe haki yake, kusoma taa alijua. Alifungua kile kiboksi cha kupimia chini ya boneti, akaunganisha matundu yaliyoandikwa TE1 na E1 kwa kipande cha waya, akaweka swichi on bila kuwasha injini, akahesabu taa ya cheki enjini inavyokonyeza. Mara nne, kimya kidogo, mara moja: hiyo ni 41, njia ya umeme ya sensa (kifaa cha kupimia) ya throto, mlango wa hewa ya injini. Zikatoka pia 22 ya joto la maji, 24 ya joto la hewa na 31 ya presha ya manifoldi, bomba la kuingizia hewa. Hapo akageuza orodha ya magonjwa kuwa orodha ya manunuzi. Sensa nne za mtumba zikafungwa, na gari likapona papo hapo, kwa kuwa mama mkwe alikuwa ameshapanda basi kurudi Muheza.

Sensa nne haziagani kufa siku moja. Namba zikija kwa kundi namna hiyo, kabla hujatoa pochi uliza zinachangia nini. Hizi nne zinachangia waya mmoja wa hasi, E2, unaorudi kontrol boksi, yaani kompyuta ya injini. Namba ya taa haisemi sensa imekufa. Inasema kontrol boksi inapata majibu yasiyoeleweka kutoka njia hiyo. Njia ni sensa, soketi, waya na kontrol boksi yenyewe.

Nikamwambia mwenye gari: gari likiwa zima sina cha kupima, niletee gari pamoja na ugonjwa wake. Naye, kijana mtiifu, akampigia mama simu na kumfikishia ujumbe neno kwa neno.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Ndiyo mimi ugonjwa."

Kapu alikuwa amelipakata. Nilimwomba akae vilevile anavyokaa siku zote, akaniambia siku zote anakaa kama watu. Tukaanza kazi.

Kwanza vipimo vya kawaida kwenye sensa ya throto, soketi ikiwa imechomekwa na pini ya mita imepenyezwa kwa nyuma. Usitoboe ganda la waya katikati. Kwa hewa ya chumvi ya Dar shaba itaoza kwa ndani na utakuwa umetengeneza tatizo la mwakani. Balbu ya kupimia nayo weka kando, inavuta umeme mwingi kuliko laini ya volti 5 inavyostahili. VC, waya unaoleta umeme kwenye sensa, kwa E2: volti 5, safi. VTA, waya wa majibu ya sensa, pini nyeusi ikiwa kwenye hasi ya betri na throto imefungwa, inatakiwa iwe kati ya volti 0.3 na 0.8, hapa ilisoma 1.2, nikaiweka kiporo. Throto ikifunguliwa polepole, VTA ikapanda bila kuruka hadi juu ya 4. Ingerukaruka, ukanda wa rezista ndani ya sensa ungekuwa umelika, na hapo kununua sensa kungekuwa na maana.

"Sasa mama, weka kapu chini."

Akaliweka. VTA ikaruka hadi 4.9, na throto haijaguswa.

"Ondoa."

Ikarudi 1.2.

"Weka."

4.9. Mama akaanza kuipenda kazi. Akawa anashusha kapu hata kabla hajaambiwa, anachungulia dirishani kusoma mita, na kumtangazia mkwewe namba kwa sauti ya kondakta.

Kilichomaliza ubishi ni kipimo kimoja ambacho mafundi wengi wanakiruka. Pini nyeusi nikaiacha palepale kwenye hasi ya betri, nyekundu nikaihamishia kwenye E2 ya sensa. Hasi nzima ikipimwa hivyo haitakiwi kuzidi volti 0.1. Kapu likiwa juu, E2 ilisoma karibu sifuri. Kapu chini, volti 4.9. Yaani ile 5 inayoingia kwa VC haina pa kutokea, kwa hiyo ukanda mzima wa rezista unabaki na volti 5 na VTA inazisoma hizohizo. Ingekuwa sensa ndiyo mbovu, E2 ingetulia pale pale kwenye sifuri. Waya umekatika upande wa kontrol boksi, na kontrol boksi ya gari hili iko mbele ya miguu ya abiria, nyuma ya zulia.

Tukafunua zulia. Aliyewahi kulifungia gari alamu ya wizi alihitaji hasi, akaona waya wa kahawia uko karibu, akaukata, akasokota ncha zake pamoja na waya wa alamu na kuzungushia tepu nyeusi. Gundi ya tepu iliyeyuka kwa joto, fundo likalegea, na kila kapu la Muheza liliposukumwa mbele lilivuta ncha zikaachana. Alamu haichukui hasi kwenye waya wa sensa hata siku moja. Hata fundo lingekaza, umeme wake ungepita humo na kuongeza volti kwenye majibu ya sensa zote.

Tengenezo lenyewe: toa hasi ya betri, kata ncha hadi uone shaba inayong'aa, unga kipande cha waya wa unene uleule, kama sentimita 10. Visha mpira wa kusinyaa kabla ya kusokota (wote tunajua kwa nini: ukishaunga hauingii tena), chomelea kwa risasi, usinyaze, kisha funga waya juu mbali na zulia. Alamu ikapewa bolti ya bodi iliyokwanguliwa rangi. Fyuzi ya EFI (mfumo wa kupulizia mafuta) ya ampea 15 ikachomolewa kidogo kufuta namba.

Ile 1.2 ilikuwa sensa ya mtumba iliyofungwa bila kusetiwa. Legeza skrubu zake mbili, izungushe taratibu ukitazama mita, kaza ikifika 0.5.

Mama mkwe akasukuma kapu kwa miguu yote miwili. Mita haikutikisika. Akamgeukia mkwewe, akamuuliza kwa upole kabisa zile sensa nne za mwanzo, ambazo hazikuwa na kosa, ziko wapi. Ikabidi apige simu. Fundi aliyetangulia akasema zipo, tena nzima kabisa, ila bei imepanda.