Kabla ya sindano ya kidevu, bana ngozi kwa vidole viwili

Picha za harusi ya mpwa wangu zilipoanza kumiminika kwenye grupu la familia, shoga yangu aliniita pembeni akaniwekea kidole kwenye picha yake. "Hebu ona hapa, mashavu yameshuka mpaka yamevuka taya." Ana miaka 52. Kesho yake akanipigia kusema kuna saluni imemwahidi sindano ya kuyeyusha mafuta ya kidevu, na ameshaanza kutafuta hela. Nikamwomba aje kwangu kwanza.

Tulikaa karibu na dirisha. Nikamwambia abane chini ya kidevu kwa vidole viwili. Alichobana kilikuwa chembamba kama upindo wa khanga. Mafuta hakuna, ni ngozi tu iliyolegea. Sindano ile ingeyeyusha nini? Dawa yake, asidi ya deoksikoliki, huua chembe za mafuta, na ngozi iliyokwisha kulegea ikipoteza hata kile kidogo kinachoijaza, huning'inia zaidi. Hili linanikera mno: mwanamke anauziwa dawa kabla hajaambiwa kilicholegea ni nini.

Maana taya halilegei kwa sababu moja. Kolajeni, yaani protini inayoipa ngozi uimara, hupungua mwaka hadi mwaka, na hedhi ikikoma hupungua kwa kasi zaidi: takriban asilimia 30 ndani ya miaka mitano ya mwanzo. Mafuta ya mashavuni huhama na kupungua, na mfupa wa taya nao husinyaa, hasa kwa aliyeng'olewa magego bila kuweka mengine. Kisha kuna jua. Na kuna mkorogo. Krimu nyingi za kujichubua zina steroidi, dawa kali ya kutuliza uvimbe, na steroidi ikipakwa miaka huikondesha ngozi mpaka mishipa inaonekana. Shoga yangu amepaka tangu ujana. Nilimwambia wazi kwamba hakuna mashine itakayokaza ngozi ambayo kila usiku anaikondesha mwenyewe, ila krimu hiyo aiache kwa kuongozwa na daktari wa ngozi, kwa sababu ukiikatiza ghafla uso huweza kuwaka na kuvimba.

Kwa ngozi iliyolegea kiasi kama yake, ningeanzia kwenye ultrasaundi ya kukaza ngozi. Mawimbi yake ya sauti hukusanywa chini ya ngozi, mpaka kina cha milimita 4.5, yakapasha joto tabaka za huko ili mwili utengeneze kolajeni mpya. Marekani waliiruhusu kwa kuinua nyusi mwaka 2009, na kwa shingo na chini ya kidevu mwaka 2012. Haiilengi rangi ya ngozi kama leza nyingi zinavyofanya, na kwetu sisi weusi, ambao ngozi ikiungua huacha madoa ya miezi, hilo ni jambo kubwa. Matokeo huja polepole, miezi miwili mitatu, na ni ya wastani. Anayekuahidi uso wa miaka 25 anakudanganya.

Fila, jeli inayochomwa chini ya ngozi ili kuijaza, husaidia pale kidevu kilipopoteza ujazo, lakini hiyo naiogopa mikononi mwa asiye daktari. Ikiingia kwenye mshipa wa damu, ngozi hufa, na kuna watu waliopofuka. Kabla hujalala kitandani, muulize anayekuchoma kama dawa ya kuyeyusha fila ya asidi ya hayaluroniki anayo hapo hapo. Akisita, inuka uondoke. Nyuzi za kuvuta ngozi, zinazopitishwa chini yake kwa sindano, sizipendekezi. Ni gharama kubwa kwa mvuto wa muda mfupi.

Mazoezi ya uso je? Mwaka 2018 utafiti mdogo wa Marekani uliwafuata wanawake kwa wiki 20, na 16 ndio waliofika mwisho. Mashavu yao yalijaa kidogo. Kwa taya lililoshuka, usiyategemee.

Shoga yangu ameahirisha sindano. Ameweka miadi na daktari wa ngozi, na kila asubuhi anapaka losheni ya jua ya SPF 30, mpaka shingoni. Nilimpiga picha ya upande pale pale dirishani, bila vipodozi, nywele zimefungwa nyuma. Tutapiga nyingine baada ya miezi mitatu, dirisha lile lile, saa ile ile.