Filta Mbadala za Hewa: Gari Linaongeza Nguvu au Mvumo?

Wauzaji wa filta za hewa za "spoti" wana hoja ambayo si rahisi kuibishia: injini ni pampu ya hewa, kwa hiyo hewa ikiingia kwa wepesi zaidi, nguvu nazo zitapanda. Kanuni yenyewe ni ya kweli. Injini ya lita 2 isiyo na turbo (kifaa kinachosukuma hewa ya ziada ndani ya injini), ikizunguka mara 6,000 kwa dakika, huvuta karibu lita 6,000 za hewa ndani ya dakika hiyo. Kuchoma lita moja ya petroli huhitaji takriban lita 9,000 za hewa. Kinachobana njia hiyo kinakula nguvu, hilo halina mjadala.

Mjadala ni filta inabana kiasi gani. Filta ya karatasi ya kiwandani imekunjwakunjwa makusudi ili eneo la kupitisha hewa liwe kubwa kuliko linavyoonekana. Ikiwa safi, hata ukikanyaga mafuta hadi mwisho, shinikizo linalopotea hapo huwa karibu kilopaskali moja tu, wakati shinikizo la hewa usawa wa bahari ni kilopaskali 101. Tuseme filta ya pamba, ambayo ndiyo hiyo ya "spoti", inapunguza upotevu huo kwa nusu. Umepata nusu asilimia. Kwenye gari la nguvu farasi 140, farasi mmoja mzima hapatikani.

Na hapo pedali iko chini kabisa. Katika mwendo wa kawaida, kilango cha throtoli, kinachoruhusu hewa kuingia kwenye injini ya petroli kadiri unavyokanyaga pedali, huwa kimefungwa kwa sehemu kubwa, na shinikizo nyuma yake linaweza kuwa kilopaskali 40 tu. Filta iliyoko mbele ya kizuizi kama hicho, iwe ya karatasi au ya pamba, haina la kubadilisha. Ndiyo maana dai la kuokoa mafuta limekuwa gumu kuthibitika. Mwaka 2009 Maabara ya Taifa ya Oak Ridge, Marekani, ilitoa matokeo ya kupima magari yenye filta zilizozibwa. Kwenye magari ya petroli yenye kompyuta, filta mpya haikupunguza ulaji wa mafuta, kwa sababu kompyuta hupima hewa iliyopo na kutoa mafuta yanayolingana nayo. Kilichorudi ni mchomoko, yaani wepesi wa gari kuongeza mwendo, uliokuwa bora kwa asilimia 6 hadi 11. Ni kwenye magari ya zamani ya kabureta (kifaa kinachochanganya hewa na petroli bila kompyuta) ndiko filta mpya inakoweza kuokoa mafuta, asilimia 2 hadi 6.

Hapo ndipo ushuhuda mwingi wa madereva unapopata maelezo. Mtu anatoa filta iliyojaa vumbi la miaka miwili, anaweka mpya ya pamba, gari linachomoka, sifa zinakwenda kwa pamba. Angeweka karatasi mpya, gari lingechomoka vilevile.

Halafu kuna sauti. Boksi la filta la kiwandani huwa na vyumba vidogo vya kumeza mvumo wa hewa. Ukiliondoa na kufunga filta ya koni, mvumo unaingia hadi kwenye viti, na sikio linaapa kwamba gari limeongeza mbio. Sina ugomvi na anayenunua sauti, ni starehe yake. Ila koni iliyoachwa wazi chini ya boneti hunyonya hewa ya moto, hasa kwenye foleni. Hewa ya nyuzi 65 ni nyepesi kwa karibu asilimia 9 kuliko ya nyuzi 35, na ile nusu asilimia yetu imekwisha kumezwa mara nyingi.

Upande wa pili una hoja nzito mahali pamoja: injini iliyobadilishwa. Ukishaongeza shinikizo la turbo na kuandika upya programu ya kompyuta, hewa inayotakiwa huzidi ile ambayo boksi la kiwandani liliundiwa. Tena turbo huzidisha hasara. Ikiwa inabana hewa mara mbili, kila kilopaskali iliyopotea kwenye filta ni mbili zilizopotea upande wa injini, la sivyo turbo ifanye kazi ya ziada kuzifidia. Kwa gari la namna hiyo filta kubwa si pambo.

Kinachonisumbua zaidi ni vumbi, maana filta iliwekwa pale kwa ajili yake. Filta inayozuia asilimia 99 na inayozuia asilimia 97 zinasikika kama ndugu, lakini ya pili inapitisha vumbi mara tatu, na chembe za mchanga ndizo zinazosaga ringi na kuta za silinda. Fungua bomba lililo baada ya filta, pitisha kitambaa cheupe ndani. Kikitoka na utando laini wa rangi ya udongo, kuna kinachopita, ama katikati ya filta ama ukingoni ambapo mpira haujakaa sawasawa. Karatasi za bei ya chee nazo hukamatwa kwa kipimo hichohicho. Filta ya pamba iliyooshwa na kupakwa mafuta kupita kiasi inaweza pia kuchafua waya wa sensa inayopima hewa iingiayo. Lakini kwa anayefuata maelekezo na kukaa na gari miaka mingi, filta ya kuosha inaweza kumwondolea gharama ya kununua mpya kila mara, na hiyo kwangu ni sababu bora kuliko nguvu.

Anayetaka uhakika kabla ya kulipa anaweza kujipimia, mradi gari halina turbo na lina sensa ya shinikizo kwenye manifoldi, yaani bomba linalogawa hewa kwa silinda. Chomeka kifaa cha kusoma kompyuta ya gari, washa swichi bila kuwasha injini, usome shinikizo. Kisha, mahali salama, mwenzako asome tena ukiwa umekanyaga mafuta hadi mwisho na mizunguko iko juu. Ikiwa mwanzo ilikuwa 100 na sasa ni 98, kilopaskali hizo mbili ndizo jumla ya hasara ya filta, mabomba na throtoli, na filta mpya itagombea sehemu yake tu.