Honi ya Mvua ya Jana

Karafuu iliyonyeshewa haina wakili. Muapie mnunuzi utakavyo kwamba imechumwa ikiwa pevu na imeanikwa kwenye jamvi jipya. Yeye ataitia kiganjani, ataiangalia ilivyopauka, ataivunja kwa ukucha asikie kama inalia, kisha atakuandikia daraja alilolitaka yeye. Ndiyo maana kwetu Pemba, msimu ukikutana na vuli, hata mgonjwa aliye kitandani huacha sikio moja nje. Akisikia "Anueni!" homa inamtoka mpaka jamvi la mwisho liingie ndani.

Mpwa wangu aliona habari hizi za sikio ni za zama za kimbunga cha 1872, kile kilichofyeka mikarafuu ya Unguja kikatuachia sisi Wapemba biashara. Yeye yuko chuo, anasomea mawasiliano ya mitambo, na likizo ile alishuka boti Mkoani na boksi ambalo hakuruhusu mtu yeyote amshikie.

"Mjomba," aliniambia hata chai hajaimaliza, "mwaka huu hakuna kutazama mawingu. Mawingu yatatazamwa."

Nimesomesha sayansi skuli maisha yangu yote ya kazi, kwa hivyo sikucheka. Nikamwambia afungue tuone. Ndani mlikuwa na vihisi visivyotumia waya, ambavyo kijiji kizima kiliviita vidude na vidude vikabaki. Kila kimoja kina kibao cha umeme, redio ndogo, betri mbili za AA na kisahani chenye mistari ya shaba. Tone likiangukia mistari miwili kwa pamoja, kidude kinajua mvua imefika. Vilikuwa vitupu, havina nguo, na jioni ile mpwa akavitafutia nyumba. Nyumba zenyewe zilikuwa zile kontena za plastiki za Mama watoto, zenye vifuniko, alizozitunza kwa ajili ya vileja vya Idi. Hilo liliwekwa kwenye hesabu, likasubiri siku yake.

Mpango ulikuwa huu. Vidude vinatawanywa uwandani kwenye majamvi, yetu na ya majirani, maana uwanda ule tunaanika wengi. Kimoja kikiguswa na mvua kinampasia mwenziwe habari, mwenziwe anampasia wa mbele, mpaka inafika kwenye sanduku kubwa sebuleni kwangu. Sanduku halikuwa na shida ya chakula. Lilichomekwa ukutani, likanywa umeme unaotoka Tanga kwa waya wa chini ya bahari tangu 2010. Juu ya paa mpwa akafunga honi ya lori moja bovu, akawaambia kina mama wote: mkisikia hii, anueni, msiulize.

Mara ya kwanza vidude viliachwa macho usiku na mchana. Wiki haikwisha, vyote vimezimika. Mama watoto, ambaye ndiye aliyetumwa dukani kununua betri, alitaka kujua zimekwenda wapi. Nikampa mpwa chaki, nikamwonesha mlango wa banda, nikamwambia piga hesabu hapo, mwanangu, tuione sote. Betri ina umeme wa kutoa miliampea 2,500 kwa saa moja. Redio ikiwa macho inakula karibu miliampea 20. Gawa. Saa 125, siku tano na kidogo.

Mimi nikadhani tatizo ni kusema sana. Mpwa akatikisa kichwa. Akasema kuna chipu moja ya redio, CC2420, iliyotumika sana kwenye mitandao ya namna hii. Ikituma kwa nguvu zake za kawaida inakula miliampea 17.4, na ikisikiliza tu inakula 18.8. Hata pakiwa hapana anayesema! Inatega sikio kwenye kimya, na kimya kinalipiwa.

Mama watoto alikuwa akichambua makonyo upande wa pili, tukadhani hatusikii.

"Kumbe kusikiliza kunachosha kuliko kusema," akasema, macho yake kwangu. "Ndiyo maana miaka yote hii mwalimu anasinzia."

Nilinyamaza. Kujibu kungekula betri.

Dawa, akasema mpwa, ni usingizi. Kidude kikilala kinatumia umeme wa kuhesabiwa kwa mikroampea, yaani hakuna. Mwaka 2002 watafiti wa Marekani, mmoja wao bibi aitwaye Deborah Estrin, walitangaza utaratibu wa kuvilaza na kuviamsha vidude kwa pamoja, ili anayetaka kusema amkute mwenziwe macho. Basi mpwa akavipangia: kila dakika kumi, sekunde sita tu za kuamka na kusikiliza, zinazobaki lala. Hilo ni fungu moja katika mia. Zile saa 125 zikawa 12,500 pale mlangoni, mwaka mmoja na miezi mitano. Nakiri nilipendezwa. Hesabu nzuri hunipandisha mori hata kama karafuu si zangu.

Akapima volti tena akakuta vidude viwili vilivyo karibu na nyumba vinashuka mbele ya wenzao. Sababu yake iko wazi ukishaambiwa: kila habari lazima ipitie kwao, kwa hivyo wao wanabeba ya kwao na ya watu. Hili nalo lina dawa ya mwaka 2000, ya Wendi Heinzelman na wenziwe wa MIT, chuo kikuu cha Marekani. Vidude vinapeana zamu ya ukuu. Kila duru, kila kimoja kinajichezea bahati nasibu. Kikiangukiwa kinajitangaza mkuu, wenziwe wa jirani wanampa habari zao, yeye anazikusanya na kuzipeleka. Duru ikisha, anashuka, anapanda mwingine.

Alikuwa akiyaeleza haya barazani, wazee wamekaa. Sasa hapa kwetu ukitaja mkuu na kushuka katika sentensi moja, watu huangalia kwanza nani anapita njiani. Baraza likawa kimya. Mzee mmoja jirani yangu ndiye aliyethubutu.

"Mwanangu, na huyo mkuu akishatangazwa, wenziwe wanakubali?"

"Wanakubali, babu."

"Wote?"

"Wote. Na muda wake ukisha anaondoka mwenyewe."

Mzee akavaa viatu vyake. "Hivyo vidude," akasema, "si vya hapa."

Lakini kilichotuponza hakikuwa ukuu. Kilichotuponza ni ubahili wa mwisho, ambao mpwa aliuona ndio utamu wa kazi yote. Akasema haina haja kidude kuamka kila mara na kutangaza "hakuna mvua, hakuna mvua". Kiseme pale tu jambo linapobadilika. Kikinyamaza, ujue salama. Kwenye simu yake kulikuwa na duara ya kijani, na muda wote vidude vikiwa kimya duara ilikaa kijani. Mimi mtu wa skuli nilitaka kuuliza: aliyekufa naye si hunyamaza? Ila chakula kililetwa, changu, na swali likapita.

Alhamisi ile, baada ya sala ya adhuhuri, Mama watoto alitoka mlangoni, akanusa.

"Upepo umegeuka. Tuanue."

"Mama, kaa zako," mpwa akasema, akamwonesha simu. "Vyote kimya. Kijani."

Mama watoto akaitazama ile kijani, akautazama mnazi unavyopiga, akamtazama kijana aliyesomeshwa kwa pesa za karafuu. Kisha akachukua ukanga wake akaenda kumtazama mgonjwa, maana ana adabu. Hakufika nusu ya njia. Mvua ilishuka ya vuli hasa, ile isiyotanguliwa na manyunyu. Tulitoka baraza zima, bao tukaliacha na kete zake, tukakokota majamvi. Watoto walikokota, mzee jirani alikokota akimtaja Mola, na mpwa alikokota kwa mkono mmoja huku wa pili umeshika simu, ambayo ilikuwa kijani mpaka ilipolowa ikazima. Honi juu ya paa haikutoa hata kikohozi. Tuliokoa nyingi, wallahi, lakini nyengine zilioga.

Usiku ule katika nyumba yangu palisemwa machache.

Ijumaa kukapambazuka kweupe, jua la kutamani. Karafuu zote zikarudishwa uwandani, zilizolowa mbele. Mpwa akarudisha na vidude vyake, akisema atavichunguza baada ya sala. Na siku hiyo, kwa namna ya kuomba radhi kwa Mungu na kwa watu, alioga mapema, akavaa kanzu, akawahi msikitini safu ya kwanza kabisa, chini ya mimbari. Sijawahi kumwona safu ya kwanza, si kabla wala baada.

Hutuba imefika katikati, imamu anatusihi tuwe na subira, honi ikalia.

Msomaji asiyejua, naomba nimweleze ugumu wa jambo hili. Wakati wa hutuba mtu hasemi. Hata kumwambia mwenzako "nyamaza" ni upuuzi, hadithi iko wazi. Kwa hivyo msikiti mzima, watu wenye majamvi nje, walisikia honi ya mvua na hakuna aliyeweza kufungua mdomo. Waligeuza shingo tu. Zikageuka kwangu. Mimi nikageuza yangu kwa mpwa. Mpwa alikuwa safu ya kwanza, na kuruka shingo za watu siku ya Ijumaa nako kumekatazwa, basi akabaki pale pale, masikio yamemwiva. Imamu alivuta pumzi, akarudia neno subira.

Honi ikanyamaza. Tukashusha mabega. Ikalia tena.

Nje kulikuwa na kina mama. Walikuwa wameshaambiwa wasiulize, na jana yake wameona kinachompata anayeuliza. Hawakutazama juu hata mmoja. Tulisikia miguu, tukasikia majamvi yanaburutwa, tukasikia sauti ya mama mmoja mwenye karafuu nyingi kuliko sote akiamrisha kama yuko bandarini, watoto wakipiga kelele "Mvua! Mvua!" na jua linaingia madirishani mpaka tunafumba macho. Honi ikalia mara ya tatu. Hutuba ya pili ilikuwa fupi mno, na sala ilisaliwa kwa sura mbili fupi ambazo hata wajukuu wangu wanazihifadhi.

Tulipotoka, uwanda mtupu. Majamvi yote yamekunjwa vibarazani na kufunikwa kanga, kina mama wamesimama juani wanahema, wametazama mbingu ambayo haikuwa na wingu la kufutia machozi. Honi ikalia mara nyengine, mpwa akapanda juu ya paa na kanzu yake akang'oa waya.

Ilituchukua alasiri nzima kuelewa, na nilimshika mpwa mpaka anieleze mbele ya ule mlango wa banda. Vidude vile havikuwa na saa nzuri. Alivijaribu barazani kwangu, kivulini, na kivulini saa zao zilikwenda pamoja. Uwandani, ndani ya kontena lenye kifuniko, jua la utosini, saa rahisi ya ndani ya chipu hupata joto ikaanza kukimbia. Ikikosea fungu moja katika mia, kwa dakika kumi ni sekunde sita, na sekunde sita ndio muda wote wa kuamka. Basi kila kidude kikawa kinaamka kwa wakati wake, kinaita, wenziwe wamelala, nacho kinalala. Mvua ya Alhamisi vyote viliiona. Vyote vilipiga kelele. Kila kimoja kwa viziwi.

Na habari haikupotea, ndilo balaa. Kidude kisichojibiwa kinaiweka barua yake mfukoni. Mara moja kwa siku, kwa sababu kukesha ni ghali, kinaruhusiwa kukaa macho dakika kumi nzima kutafuta wenziwe waliko. Mara hiyo moja mpwa aliiweka saa sita mchana na nusu, kwa kuwa saa hiyo, alisema, watu wanakuwa hawana shughuli. Ijumaa vidude vikapatana tena, kimoja baada ya kimoja, na kila kimoja kikakabidhi barua yake: MVUA. Barua haikuandikwa tarehe. Tarehe nayo ingerefusha ujumbe, na ujumbe mrefu unakula betri.

Ujumbe wa kina mama ulikuja kabla ya magharibi, ukaongozwa na yule wa bandarini. Hawakutaka maelezo ya chipu. Walitaka mtu wa kuanika upya, na mtu alikuwepo, bado ana kanzu. Alitandaza majamvi ya kijiji peke yake, na kwa kuwa jua lilikuwa linakuchwa, alipomaliza wakamwambia ayaanue.

Alirudi kwangu usiku, mgongo umempinda, akakaa chini na kipimo chake cha volti, akapima kidude hiki na hiki na hiki. Nikaona uso unafunguka.

"Mjomba! Hazijapungua! Betri zote ziko kama zilivyotoka dukani!"

Mama watoto akaacha kuchambua.

"Zote nzima?"

"Nzima kabisa, mama. Hesabu imekubali."

"Alhamdulillahi," akasema, akanyoosha kiganja. "Zitoe zote, tochi yangu wiki ya pili haiwaki. Na kontena zangu uzioshe kwa sabuni kabla hujalala."